Chakula kipo asubuhi, hela inakuja jioni

Nikiongea na ndugu zangu wa Dar simu haikatwi bila mtu kuniambia "tutumie dagaa basi, nyie huko si mnaoga nao". Siwalaumu. Ukienda soko lolote la Dar dagaa wa Kigoma wana rundo lao na bei yao, na muuzaji hakubali uwachanganye na wa Mwanza hata kwa utani. Sasa mtu akikaa huko akawaza Kigoma anawaza Ziwa Tanganyika, samaki wa migebuka na kuhe, mawese, ndizi za Manyovu, maharage ya Kasulu, anaona huku hata asiye na kitu anakula vizuri kumshinda mwenye mshahara wa mjini. Mimi nakaa Mwanga, hapa Kigoma mjini, cherehani yangu iko barazani, ng'ambo ya njia kuna genge, na kwa vile nashinda pale kutwa naona nani kanunua nini, saa ngapi, na kwa shilingi ngapi. Chakula kizuri kipo jamani, tena kingi tu. Kinachotushinda sisi wa vyumba vya kupanga ni saa.

Naomba mnifuate kidogo.

Dagaa wa huku wanavuliwa usiku. Jioni boti zinatoka, zinaenda kuwasha taa huko ndani ya ziwa, zamani ilikuwa karabai siku hizi ni taa za betri na sola, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unapandishwa, na alfajiri boti zinarudi mwaloni. Ndio maana kukiwa na mbalamwezi dagaa wanaadimika, mwezi ukiwaka ziwa zima taa ya mvuvi haina kazi. Ukishuka Kibirizi mapema, jua halijachomoza vizuri, utakuta pilikapilika za ajabu, mabeseni, watu wanaingia maji mpaka magotini, mabishano ya bei, na dagaa wanang'aa ile rangi yao ya fedha. Lakini ukisogea karibu ukasikiliza utagundua mzigo mwingi una mwenyewe tayari. Mvuvi hakuwa na hela ya mafuta ya injini, tajiri kampa, kwa hiyo boti haijagusa hata mchanga dagaa wameshauzwa. Wanaanikwa, wanafungwa, wanakwenda Dar, wengine Kongo. Kinachobaki wanagombania kina mama wa mabeseni, na hao ndio wanaopanda nao mlima kutuletea sisi huku juu.

Saa mbili saa tatu hivi ndio unawasikia wanapita. Dagaa wabichi wa jero saa ile wanajaa bakuli, ukiwapika na nyanya na limao familia inakula inashiba, na hakuna mtu atakwambia amekula vibaya. Dagaa unamla mzima, kichwa, mifupa, utumbo, kila kitu, kwa hiyo unapata kalisiamu, madini ya chuma, zinki, hizo B12 wanazozisema kliniki, vitu ambavyo mtu wa steki ya kilo hapati vyote kwenye sahani moja. Mboga za majani nazo ni hivyo hivyo. Matembele, mchicha, kisamvu, majani ya maboga, vinaingia alfajiri kwenye baiskeli na pikipiki, vingine vinatoka bonde la Luiche huko Ujiji, vingine vinakuja na magari ya Mwandiga. Mama wa genge letu anaamka usiku kwenda kuvichukua sokoni na saa moja asubuhi genge lake linapendeza mpaka unatamani kupiga picha. Mchicha umesimama, una umande.

Sasa angalia nani ana hela saa moja asubuhi.

Mtaani kwetu kibarua wa ujenzi analipwa akishusha koleo. Wa bodaboda asubuhi ana deni la bosi kwanza, hesabu ya bosi ikitimia ndio anaanza kutafuta ya kwake, hapo ni saa nane saa tisa. Wabeba mizigo wa bandarini wanategemea meli na meli haina adabu. Wanaouza nyanya, vitumbua, mitumba, hela yao ya asubuhi ni mtaji, ukiigusa kesho huamki na biashara. Mimi mwenyewe fundi, mteja analeta kitambaa asubuhi na maneno mengi matamu, hela analeta anapofuata nguo, jioni, tena ukiwa na bahati ya kukutana na mstaarabu. Kwa hiyo mtaa mzima asubuhi unapita mbele ya genge unaangalia tu, unasalimia, "mwakeye mama", unakwenda zako. Hela ya matumizi inaingia kuanzia saa kumi na moja jioni kwenda mbele, na hapo ndipo foleni ya genge inaanza.

Na foleni inakuta nini? Mchicha umelala. Matembele yamekuwa meusi pembeni. Nyanya zilizobaki ni masalo, zile laini laini zinazouzwa kwa fungu la huruma. Dagaa wabichi hawapo, waliokosa mteja mpaka saa sita jua liliwamaliza, mama wa beseni kawakaanga au kawaanika. Kinachosimama imara jioni ni kabichi. Kabichi haijali saa, inakatwa vipande, inachanwa hapo hapo mezani, mia mbili mia tatu, na ndio maana mtaa wetu unakula kabichi kama vile tumeapishwa. Sina ugomvi na kabichi lakini siku sita kwa wiki, aisee.

Watu wanasema friji. Ni kweli gridi ya taifa ilifika huku 2022, yale majenereta ya mafuta yakazimwa na umeme umetulia sio kama zamani, lakini umeme sio friji. Friji ni hela ya kodi ya chumba ya miezi mingi, na kwenye nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja ya luku ukileta friji umeleta vita. Nimeshuhudia vikao vya luku kuhusu pasi tu, sembuse friji.

Wiki iliyopita kuna dada mmoja alikuja gengeni kwenye saa moja usiku, taa ya genge imeshawashwa, mtoto mgongoni mwingine anamshika kanga. Ana elfu tatu, anaihesabu mara mbili mbili kama itaongezeka. Unga wa muhogo kilo moja elfu moja na mia tano. Mkaa kopo moja mia tano. Mafuta kipimo kimoja mia tatu, katoa kichupa chake cha dawa ya kikohozi kwenye mfuko wa gauni akapimiwa humo. Nyanya masalo na kitunguu nusu, mia mbili. Imebaki mia tano. Akauliza dagaa. Mama wa genge akachukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kabisa, akachota dagaa wakavu wa mchanga, akakijaza, akapiga kichwa kwa kiganja, halafu akaongeza wachache kwa vidole kwa sababu ya yule mtoto. Kikombe kimoja cha kahawa, watu watano. Na unga wa muhogo ukiutoa wanga humo ndani hakuna kitu kingine cha maana, kila kitu mwili unachohitaji inabidi kitoke kwenye mboga, na mboga yenyewe ndio ile. Chumvi ya Uvinza anayo nyumbani, hiyo angalau bado ni rahisi.

Kuna kitu nataka mkione kwenye hiyo elfu tatu. Kila alichonunua kanunua kwa bei ya juu kabisa. Mwenye gari kule chini anashusha gunia la mkaa, dumu la mafuta la lita ishirini, sado ya dagaa aliowachagua mwenyewe asubuhi waliokaushwa kwenye chanja sio waliobiringishwa mchangani, na ukigawanya bei yake kwa kilo utakuta anakula kwa bei nafuu kuliko huyu dada. Mama wa genge sio mwizi, msije mkamgeukia yeye. Kikombe kina usumbufu wake, kuna kinachomwagika, kuna kinachooza, kuna anayekopa akahama mtaa. Yule dada analipia yote hayo kidogo kidogo kila jioni.

Halafu mkaa. Mkaa ndio unaopanga tutakula nini, sio sisi. Maharage ya njano ya Kasulu huku sio ghali ukilinganisha na huko kwingine, barabara ya Kasulu imepigwa lami, mzigo unafika siku hiyo hiyo, na kila mtu anajua maharage yana protini, hilo hata mtoto wa darasa la pili anakwambia. Lakini maharage makavu yanataka moto masaa, na mtu aliyeingia nyumbani saa moja usiku na kopo moja la mkaa hawezi kuchemsha maharage, lile kopo litaisha maharage bado yanagonga meno na ugali haujaguswa. Ndio maana unamkuta mtu anamnunulia mtoto mihogo ya kukaanga na pilipili au chipsi za buku, analala. Mtu wa nje anasema hawa hawajui lishe. Wanajua. Wamepiga hesabu ya moto.

Hapa nitamsifia mtu. Nyuma ya msikiti kuna dada anauza maharage ya kuchemsha. Analoweka usiku, asubuhi anayabandika kwenye sufuria kubwa juu ya mafiga ya kuni uani kwake, moto wa polepole, na mpaka saa kumi jioni yameiva yamelainika, hayana chumvi wala mafuta, ni maharage na maji yake tu. Anayauza kwa upawa. Watoto wanatumwa na mabakuli, unawaona wamepanga mstari pale wanasukumana, upawa wa mia tatu, upawa miwili mia sita, mama nyumbani kazi yake ni kukaanga kitunguu na nyanya na kumimina, dakika kumi wamekula. Moto mmoja umepika kwa nyumba thelathini hamsini huko. Kuloweka nako kunapunguza kuni, na hata gesi tumboni inapungua kwa wale wanaolalamika. Sijaona mradi wowote wa lishe uliowahi kufanya mtaani kwetu kazi anayoifanya huyu dada, na yeye hajui kama anafanya lishe, anatafuta ada ya mtoto. Shida yake ni moja, mvua ikianza uani hapapikiki, na huku mvua ikianza mwezi wa kumi inaachia mwezi wa tano.

Kwenye semina za lishe nimeshakaa. Picha ya sahani iliyogawanywa, huku mboga, huku nyama na maharage, huku wanga, matunda pembeni, glasi ya maji. Picha nzuri sana, wataalamu wenyewe ni vijana wastaarabu, hawana kosa. Na kazi yao ni ya kweli maana kitaifa utafiti wa 2022 ulionesha watoto watatu katika kila kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kabla ya hapo kwenye ule wa 2015 na 2016 ilikuwa thelathini na nne kwa mia, kwa hiyo tumesogea lakini sio sana. Ila nilitamani kwenye ile picha wangechora na saa ya ukutani. Bibi jirani yangu ana sukari, kliniki wamemwambia apunguze ugali wa muhogo, ale dona kidogo, samaki, mboga za majani kwa wingi. Akarudi akaniambia "mwanangu, wameniandikia dawa ambazo duka lake linafungwa saa nne asubuhi". Bibi huyu analetewa hela na mjukuu wake wa bodaboda, usiku.

Siku hizi bibi na mama wa genge wana mpango wao. Asubuhi anatengewa fungu zuri la matembele kabla hayajanyauka, linawekwa ndani kwenye ndoo lililofunikwa na kitambaa kibichi, na dagaa wabichi kidogo yule mama anamnunulia kwa beseni linalopita, mjukuu analipa usiku akirudi. Wameandikana kwenye daftari. Lile daftari la genge ningeweza kuandika posti nzima juu yake. Lina kona zimejikunja, limeandikwa kwa kalamu za rangi zote, majina hayapo kuna "mama wa chumba cha mwisho", "shemeji fundi baiskeli", "yule mrefu". Wakati wote mtu akila vizuri mtaani kwetu huku hana hela mfukoni, ujue jina lake liko mle. Lakini lina mwisho. Mtaji wa genge zima nadhani haufiki laki moja, watu kumi wakichelewesha wiki moja kesho yake genge halina mchicha kwa mtu yeyote, hata mwenye hela taslimu. Nilimsikia akimjibu mmoja, "mdogo wangu leo daftari limejaa, nilipe hata nusu nikatafute mboga", na yule kaka akaondoka bila kununa, anaelewa.

Kwenye mawese sasa naomba mniache niseme maana hili linaniuma. Mkoa mzima huu umejaa michikichi. Mawese mekundu yana ile rangi kwa sababu, ni vitamini A ya bure ndani ya mafuta, mtoto anayekula mboga ya majani iliyoungwa na mawese anapata kitu cha macho na kinga ya mwili bila kumeza kidonge. Na bei yake kwa kipimo mara nyingi iko chini kuliko mafuta meupe yaliyotoka ng'ambo. Lakini mtaani kwetu vijana wanaona mawese ni ya kijijini, yanachafua sufuria, yananuka, mgeni akija unaona haya. Na hata wanaoyatumia wengi wanayachoma kwanza. Unayaweka kwenye moto mkali mpaka yatoe moshi na rangi iishe yawe meupe, ndio unaweka kitunguu. Ile rangi iliyoondoka na moshi ndio vitamini yenyewe imeondoka, umebaki na mafuta na kikohozi. Mama yangu alikuwa anayapasha tu mpaka yayeyuke, anatia kitunguu, na kisamvu chake kilikuwa kinaliwa mpaka na watu wa mtaa wa pili.

Serikali yenyewe 2018 ilikuja na nguvu kwenye chikichi, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alikuja akaisimamia hii kampeni, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikaanza kuzalisha miche ya Tenera inayozaa mafuta mengi kuliko ile michikichi ya babu zetu, lengo likiwa nchi iache kuagiza mafuta kwa hela za kigeni. Jambo zuri. Ila naogopa yasije yakawa kama ya dagaa, mafuta yakawa mengi yakapakiwa yakaenda, na huku Mwanga tukabaki kupimiwa ya ng'ambo kwenye vichupa vya dawa. Reli ya kati ilifika Kigoma 1914 na watu tangu hapo wanatuita mwisho wa reli, lakini kwa upande wa chakula sisi ni mwanzo wa reli, vitu vinaanzia hapa kuondoka.

Mnakumbuka 2024 ziwa lilipofungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa ili samaki wapumzike wazaliane, na ni makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka ziwa hili, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Mimi sipingi, kila mvuvi mzee utakayemuuliza atakwambia samaki wamepungua na nyavu zimekuwa za matundu madogo ya aibu. Ila huku juu tuliona mambo. Kikombe cha kahawa cha dagaa kilipanda bei kisha kikawa hakijazwi, halafu dagaa wa Mwanza wakaingia, na watu wa Kigoma, wale wale wanaowacheka watu wa Dar kwa kula dagaa wa Mwanza, wakawa wanawanunua kimya kimya huku wameangalia pembeni. Kilichotuokoa ni kwamba maharage ya msimu yalikuwa ndio yameshuka kutoka Kasulu na Buhigwe, dada wa nyuma ya msikiti akawa anabandika masufuria mawili. Kina mama wa mabeseni ndio waliumia zaidi, maana kwao dagaa sio mboga tu ni kazi, na miezi mitatu hakuna aliyewaandika kwenye daftari lolote.

Kilichonifanya niandike leo ni mchezo wetu. Baada ya yale ya ziwa kufungwa wanawake wa upande wetu tulianzisha mchezo wa chakula. Michezo ya hela ipo siku zote, unapokea laki yako unanunua kitenge au unalipa kodi, hii ni tofauti, hupewi hela. Kila mmoja anatoa buku kwa siku, asiyeweza buku anatoa jero na hesabu yake inaandikwa, mimi ndio naweka daftari kwa sababu nashinda barazani na kila mtu anajua nilipo. Maharage yakishuka bei, mwezi wa sita mwezi wa saba, mmoja anapanda basi la Kasulu na hela ya wote, ananunua magunia, tunagawana kwa sado hapa hapa barazani kwangu, kitambaa kimetandikwa chini, kila mtu na ndoo yake. Dagaa nao tunafanya hivyo mwezi ukiwa giza na wako wengi, tunashuka mwaloni asubuhi kwa sababu hela ipo tayari, imekusanywa jioni za nyuma, na tunachagua wa chanja. Unaona raha yake? Hela ya jioni inanunua asubuhi.

Sio kwamba kila kitu kinakwenda sawa. Kuna aliyeuza sado yake ya maharage wiki ile ile kwa sababu mtoto alilazwa, na hatukumsema. Kuna wanaume walikuja juu wakidhani wake zao wanaficha hela, mmoja alikuja mpaka hapa kuniuliza, nikamfungulia daftari nikamwonesha, siku hizi ndio anakuja mwenyewe kutoa buku ya mkewe. Maharage yalipata wadudu mwaka wa kwanza kwa waliohifadhi kwenye magunia ya kawaida, sasa tunatumia yale magunia yenye mifuko miwili ya plastiki ndani yanayofungwa yasipitishe hewa, wadudu wanakufa humo humo bila dawa. Mboga za majani bado hatujapata mbinu, matembele hayasubiri mchezo wa mtu. Kuna wanaopanda kwenye viroba na ndoo mbovu mbele ya mlango, na matembele kweli yanakubali popote, ila kuku wa jirani nao wanakubali popote.

Msimu huu tumekubaliana kuongeza mawese, dumu moja la lita ishirini tugawane, na sharti nililoliweka mimi ni kwamba hatuyachomi, atakayeyachoma asije kunililia. Wamecheka wakakubali. Mabishano yaliyobaki ni dumu likae kwa nani mpaka siku ya kugawana. Kwangu kuna vitambaa vya wateja, tone moja la mawese kwenye gauni la harusi la mtu nitahama mji. Kwa bibi kuna mjukuu anapaki pikipiki ndani. Mama wa genge amesema liletwe kwake ila anataka lita moja iwe yake kwa kulilinda, na nusu ya kikundi wanaona ni haki nusu wanaona ametuzidi, kikao ni Jumapili.